Itachi, Kinjeketile na mpaka wa kujitoa mhanga (Sehemu ya pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza namna hadithi za katuni za Kijapani zilivyojipatia wapenzi Dar es Salaam, kuanzia simu za vijana wa Magomeni Mapipa hadi vibanda vya Kariakoo vinavyowajazia wateja filamu kwenye flashi. Leo namchukua mhusika mmoja anayependwa mno, Itachi Uchiha wa Naruto, hadithi aliyoichora Masashi Kishimoto kuanzia 1999 hadi 2014, nimweke kando ya Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Wote wawili husifiwa kwa kujitoa mhanga. Kwa maoni yangu sifa hiyo haiwaenei sawasawa, na kinachowatenganisha si uzito wa maumivu yao. Swali ni walichokitoa kilikuwa cha nani.

Ukoo wa Itachi unapanga kuupindua uongozi wa kijiji cha Konoha. Kijana huyu wa miaka 13 anatakiwa na wakubwa achague: auteketeze ukoo wake na kumwokoa mdogo wake Sasuke, au wote waangamie. Anawaua, wazazi wake wakiwamo, kisha anamwambia Sasuke kwamba alifanya hivyo ili kupima uwezo wake tu. Anataka mdogo wake amchukie, akue na chuki hiyo, siku moja amuue na kuonekana shujaa. Kwamba alifanya kwa upendo, silikatai. Lakini mpango huo ulizaa nini? Sasuke anamaliza utoto wake katika kisasi, kaka yake anakufa mbele ya macho yake, halafu ukweli anaupata kwa mtu mwenye nia mbaya, na badala ya kurudi Konoha anaapa kuiangamiza. Mwandishi mwenyewe hakulifumbia macho jambo hili. Itachi anapofufuliwa kwa muda anakiri kwamba laiti angemweleza mdogo wake kweli tangu mwanzo na kusimama naye kama mtu na mwenzake, huenda mambo yangekwenda vingine. Wanaomtukuza huzipita kurasa hizo haraka mno. Jina lake na uhai wake vilikuwa vyake, na alikuwa na haki ya kuvitoa. Utoto wa Sasuke haukuwa wake.

Atatokea msomaji wa kunipinga kwamba kila sadaka kubwa ina siri ndani yake. Mama anayewapakulia wanawe ubwabwa wote uliobaki sufuriani, akawaambia yeye ameshakula, naye amedanganya, je, tumlaumu? Hapana. Mama huyo ameficha njaa yake mwenyewe, na mtoto akija kujua ukweli hukuta kwamba alipewa zaidi ya alivyodhani. Sasuke alipojua ukweli alikuta ameporwa. Wala sisemi kwamba sadaka halali haiwagusi wengine. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU, mshahara alioupoteza ulikuwa pia riziki ya mkewe na watoto, na nyumba waliyoishi Magomeni, ambayo leo ni makumbusho, ni ushahidi wa maisha ya kawaida kabisa. Ila uamuzi ule ulifanyika mchana kweupe. Walioguswa nao walijua nini kinaachwa na kwa ajili gani, kwa hiyo waliweza kuuunga mkono au kuupinga.

Kinjeketile anatupa mtihani mgumu zaidi. Hussein alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905. Katika tamthilia, mtu huyu anazama majini kwa nguvu ya mzimu Hongo, anatoka akiwa mkavu, anatangaza umoja na maji yatakayozuia risasi. Lakini katika maneno yale ya kupagawa umo utabiri kwamba Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Zanzibar. Akili zinapomrudia, utabiri huo unamtesa. Ukombozi gani huu wa kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine? Anaanza kumtilia shaka Hongo, anaomba vita visubiri, watu waungane na kujizoeza kwanza. Hawamsikilizi. Imani aliyoiwasha imekwisha kumzidi nguvu, na Mahenge watu wanaikabili bunduki ya rashasha wakiwa na maji mwilini.

Hapa mpinzani wangu ana hoja nzito kuliko ile ya kwanza. Itachi aliua ukoo mmoja. Vita vya Maji Maji viliwamaliza watu ambao baadhi ya wanahistoria huwakadiria kuwa 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vijiji na mashamba. Kwa nini basi nimtetee Kinjeketile? Kwanza, wapiganaji wake hawakuburutwa. Walikuwa wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, nao walikitaka kile walichokiendea. Pili, shaka ilipomwingia hakutulia nayo kimya kama Itachi. Alijaribu kuwazuia, akashindwa. Hata hivyo utetezi wangu una mwisho. Gerezani, akiwa amepigwa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na rafiki yake Kitunda naye anamsihi aseme. Anakataa, kwa sababu Mjerumani atalichukua tamko hilo na kuwafundisha watoto kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Shingo anayoitoa ni yake, na hilo linamtofautisha kabisa na Itachi. Lakini neno analokataa kulitengua litawafikia watu ambao hawajazaliwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kwenda vitani na imani ile ile. Kitunda analiona hilo waziwazi, wala si mwoga. Sehemu ya tatu itaanza na yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa vita.