Hadubini ya nyumbani: tulipokosea, na mwanga ulipopatikana

Mwanangu wa darasa la sita alipotakiwa kupeleka shuleni kifaa cha sayansi alichotengeneza mwenyewe, alichagua hadubini. Fundi redio wa mtaani kwetu alitung'olea kilenzi kutoka kwenye deki mbovu ya DVD. Tukakibandika kwenye kamera ya simu, tukainamia jani la mchicha. Ukungu mtupu. Kufika jioni mtoto alikuwa anasema sayansi si fungu lake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilitaka tukatafute lenzi yenye nguvu zaidi. Kumbe shida ilikuwa mkono. Kilenzi kidogo namna ile hutaka kitu kiwe karibu mno, milimita moja au mbili hivi, na kikisogea hata unene wa unywele picha inapotea. Hakuna mkono unaotulia hivyo. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyeona bakteria katika karne ya 17, alitumia lenzi moja tu. Lakini kifaa chake kilikuwa na skrubu za kusogeza kitu taratibu.

Basi tukasimamisha bolti tatu ndefu kwenye ubao. Juu tukaweka plastiki ngumu yenye tundu la lenzi, simu ikalala hapo. Chini yake tukaweka kijimeza cha kioo kinachoshikiliwa na nati. Ukizungusha nati, kinapanda au kushuka kidogo kidogo.

Kosa la pili, jani zima ni nene, halipitishi mwanga. Chukua ngozi laini ya ndani ya kitunguu, iwe tabaka moja, juu ya tone la maji. Ilaze polepole kuanzia upande mmoja. Sisi tulishangilia viduara vyenye ukingo mweusi tukidhani ni seli, kumbe ni viputo vya hewa! Tone la iodini ya kupaka vidonda husaidia seli kuonekana.

Mwanga utoke chini: tochi iliyofunikwa karatasi nyeupe inatosha. Kioo cha kuakisi jua kiacheni kabisa, kinaweza kuharibu jicho la mtoto. Na deki ifunguliwe na fundi ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kwa sababu ndani yake mna leza.

Jumapili usiku ngozi ya kitunguu ilijitokeza kwenye simu, imepangika kama matofali ya ukuta. Mtoto alikimbia kumwamsha bibi yake.