Buibui Chotara: Nasaba Inapopotea Ndani ya Sanduku la Kioo

Katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto akiinua kandambili ili ampige buibui, bibi yake humkataza. Humwambia kwamba mdudu huyo ndiye aliyetanda utando mdomoni mwa pango la Thaur siku ile Mtume alipojificha na sahibu yake, maadui wakapita wasijue kuwa ndani mna watu. Kwa heshima hiyo buibui huachiwa pembe yake ya dari. Hata hivyo, hakuna amfugaye kama paka, wala amtafutiaye mchumba. Huko Ulaya na Marekani wako watu wafanyao yote mawili.

Wanaofugwa huko si hawa wadogo wa darini. Ni tarantula, buibui wakubwa wenye manyoya, ambao wengine wakinyoosha miguu huenea kiganja kizima cha mtu. Hukaa katika sanduku la kioo lenye udongo na kibakuli cha maji, wakalishwa nyenje na mende. Jike wa baadhi ya aina hizo huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume hana bahati hiyo. Akishajivua gamba la mwisho na kupevuka, kwa kawaida hazidishi mwaka mmoja au miwili.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia. Mfugaji ana jike aliyepevuka, na dume wa aina yake hapatikani. Rafiki yake anaye dume wa aina nyingine inayofanana na hiyo, naye siku zake zinayoyoma. Mtu hujiuliza: kuna ubaya gani nikiwakutanisha?

Posa yenye hatari

Posa ya buibui hawa ni jambo la ajabu. Dume hufuma kitanda kidogo cha hariri, akamwaga juu yake mbegu zake, kisha akazifyonza kwa ncha za vipapasio viwili vilivyo mbele ya miguu yake. Akiisha kujiandaa hivyo, huenda mlangoni kwa jike akapiga ngoma kwa miguu. Jike akiitika, dume wa aina nyingi humkabili na kuyazuia meno yake ya sumu kwa vijikulabu vilivyo katika miguu ya mbele. Akimaliza hukimbia, maana asipofanya haraka huenda akageuzwa kitoweo.

Kwa muda mrefu wataalamu walifananisha maungo ya uzazi ya viumbe hawa na ufunguo na kufuli, kwamba kila aina ina wake. Mfano huo una ukweli, lakini si ukweli wote. Aina mbili zilizo karibu kinasaba huweza kupandana, jike akafuma kifuko cha mayai, na watoto wakatoka kwa mamia. Watoto hao ndio chotara.

Mbona ng'ombe twawachanganya?

Msomaji ana haki ya kuuliza: kama ni vibaya kuchanganya, mbona sisi twachanganya ng'ombe? Ng'ombe wa Mpwapwa, ambao ni fahari ya wafugaji wa Tanzania, walipatikana kwa kuunganisha damu ya ng'ombe wetu wa asili na ya wale wa kutoka Bara Hindi na Ulaya. Mahindi chotara nayo yamejaza maghala mengi.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mifugo na mazao hayo yalichanganywa kwa shabaha iliyo wazi, yaani maziwa, nyama au nafaka, na wataalamu waliandika kila hatua. Mkulima anunuaye mahindi chotara anajua anachonunua. Pili, ng'ombe wa kufugwa wamo mikononi mwa binadamu kwa maelfu ya miaka. Tarantula ni mnyama wa porini aliyewekwa ndani ya kioo, na kinachomtambulisha ni nasaba yake tu. Mwenye kuwachanganya mara nyingi hafuati ila rangi mpya au sifa ya kuwa wa kwanza. Watoto wakiuzwa bila maelezo, au wakibadilisha mikono mara tatu, hakuna tena ajuaye ni wa nani.

Tuseme pia, ili neno letu lisipotoshwe, kwamba hapa hatuzungumzii watu. Binadamu sote ni wa aina moja, na ndoa za makabila na mataifa hazihusiani hata kidogo na jambo hili.

Funzo kutoka Mexico

Mfano ulio wazi kabisa ni wa buibui wa Mexico mwenye magoti ya rangi ya chungwa. Mwaka 1897 alipewa jina la kitaalamu la Brachypelma smithi. Uzuri wake na upole wake vilimfanya apendwe mno na wafugaji, hata biashara ikawa tishio kwake porini. Mwaka 1985 aliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mkutano wa mwaka 1994 ukaamua kuwaingiza ndugu zake wote wa jamii ya Brachypelma.

Kisha, mwaka 2017, watafiti Jorge Mendoza na Oscar Francke walichapisha uchunguzi wao juu ya buibui hao wenye magoti mekundu. Walionyesha kwamba wengi wa waliokuwa wakifugwa duniani kwa jina la smithi hawakuwa smithi, bali hamorii, aina iliyopewa jina mwaka 1997. Smithi halisi ni wa Guerrero. Hamorii ni wa Colima, Jalisco na Michoacán. Kwa macho ya mtu wa kawaida, wawili hawa ni kama mapacha.

Fikiri basi. Mfugaji mwaminifu, asiyetaka kuchanganya chochote, aliweza kuwaunganisha wawili hao kwa sababu tu vibandiko vya masanduku yao viliandikwa jina moja. Ikiwa mwaminifu anaweza kukosea hivyo, afanyaye makusudi atavuruga kiasi gani? Tena chotara akiwa si tasa, naye huzaa, na damu hizo husambaa katika masanduku ya watu wasiojua lolote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hasara yake si ya wafugaji peke yao. Buibui aliyezaliwa ndani ya kioo humpunguzia yule wa porini hatari ya kukamatwa. Tena, kama siku moja msitu utapoteza aina fulani, hao wa kufugwa ndio wangekuwa akiba. Akiba iliyochanganyika haina msaada huo.

Mtoto wa Usambara ughaibuni

Jambo hili linatugusa hata sisi. Katika mwaka ule ule wa 1897 aliandikwa pia Pterinochilus murinus, buibui mkali na mwepesi wa mbio, ambaye nchi za Afrika Mashariki ni sehemu ya makao yake. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya chungwa iliyokolea. Hao wa chungwa hujulikana na wafugaji wa ng'ambo kwa jina la milima yetu ya Usambara. Wafugaji makini hawachanganyi rangi hizo, ijapokuwa leo zote zina jina moja la kitaalamu. Yaliyotokea Mexico yamewafundisha kwamba jina moja la leo huenda kesho likawa mawili.

Mfugaji mwenye busara, basi, huuliza buibui wake ametoka wapi kabla ya kumnunua. Huhifadhi gamba analojivua, kwa kuwa la jike huonyesha umbo la vifuko vya mbegu, na umbo hilo huwasaidia wataalamu kutambua aina. Akikosa dume wa aina moja na jike wake, humwacha jike aishi peke yake, kwani hapati dhara lolote. Na kama tayari anaye chotara, humtunza mpaka mwisho wa maisha yake, asimuuze wala asimzalishe.

Bibi wa Pwani hakusoma vitabu vya wataalamu, lakini alijua kwamba buibui naye ana historia yake. Anayemfuga asimfutie.