Tuvilinde vichwa vya kebo

Siku moja nilifika kikazi katika hospitali ambayo mtandao wake ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu kwenye dirisha la malipo, na majibu ya maabara hayakuweza kumfikia daktari. Fundi alibadilisha swichi, lakini tatizo likabaki. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye plagi moja tu, iliyovutwa na uzito wa kebo nyingine zilizoning'inia juu yake kwa miezi mingi.

Katika chumba cha seva, kichwa cha kebo ndiyo sehemu dhaifu. Plagi ya kebo ya shaba, iitwayo RJ45, hushikiliwa na ulimi mdogo wa plastiki. Ulimi ukivunjika plagi hulegea, na mawasiliano hukatika na kurudi. Kebo ya faiba ina uzi wa kioo wenye unene wa mikrometa 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita. Uzi huo ukipindwa sana mwanga huvuja njiani, na ukizidishiwa huvunjika.

Mambo yafuatayo yanaweza kutusaidia:

1. Kebo isibebwe na plagi. Ifungwe kwenye reli ya kabati ili reli ndiyo ibebe uzito, na karibu na plagi iachwe ikiwa imelegea kidogo.

2. Kona zisiwe kali. Kwa kebo ya kawaida ya shaba, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 4 ya unene wake. Kebo ya milimita 6 basi inahitaji milimita 24. Kwa faiba ni mara 10, na mara 20 wakati inapovutwa.

3. Tumia mikanda ya velkro. Vifungio vya plastiki vikikazwa sana huiminya kebo.

4. Unapochomoa, bonyeza ulimi na ushike plagi yenyewe. Usivute kebo.

5. Hakikisha mlango wa kabati haubani kebo unapofungwa.

Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji mkanda wa velkro na nusu saa ya mtu makini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuagiza swichi mpya, tufungue kabati kwanza tuangalie kebo zinavyoning'inia, kwani mgonjwa aliye kwenye foleni ndiye anayelipia uzembe wetu.