Chanjo ya Chini ya Ulimi na UTI Inayojirudia

Maambukizi ya njia ya mkojo, maarufu kama UTI, huhesabiwa kuwa yanajirudia mwanamke anapoyapata mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya mwaka. Mara nyingi husababishwa na bakteria Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mpana. Safari yake si ndefu, kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi tu. Akifika kwenye kibofu hujishikiza ukutani kwa vinyweleo vyenye protini iitwayo FimH, na baadhi hupenya na kujificha ndani ya seli. Mwanamke msafi kabisa anaweza kuugua tena na tena, na kumlaumu kwa uchafu ni kumwonea.

Kinga iliyozoeleka ni dozi ndogo ya antibaiotiki kila siku kwa miezi kadhaa. Husaidia maadamu inamezwa, lakini huua pia bakteria wenye manufaa na kulea usugu wa dawa. Hilo ndilo linaloipa chanjo uzito wake.

Inayozungumzwa zaidi ni MV140, au Uromune, ya kampuni ya Inmunotek ya Hispania. Hupulizwa chini ya ulimi, mipulizo miwili kila siku, kwa miezi 3. Ina bakteria waliouawa wa aina 4: E. coli, Klebsiella pneumoniae, Enterococcus faecalis na Proteus vulgaris. Kinywa na kibofu viko mbali, ila kikinga vina undugu. Seli za ulinzi zilizo chini ya ulimi huwameza bakteria hao na kuwatambulisha kwa seli T kwenye tezi za limfu. Kutoka hapo kinga husambaa hadi kwenye utando laini wa viungo vingine, njia ya mkojo ikiwemo.

Ushahidi wake unatia moyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilihusisha wanawake 240 wa Hispania na Uingereza, wengine wakipewa chanjo na wengine dawa bandia. Katika miezi 9 ya ufuatiliaji, waliobaki bila UTI walikuwa asilimia 25 kwa dawa bandia, na zaidi ya asilimia 55 kwa chanjo. Mwaka 2024 hospitali ya Royal Berkshire ya Uingereza ilitoa matokeo ya wagonjwa 89, wanaume 17 wakiwemo: zaidi ya nusu walikaa miaka 9 bila maambukizi. Takwimu hizo za pili zisomwe kwa tahadhari, maana hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Ipo pia OM-89, kapsuli ya kumeza yenye vipande vya aina 18 za E. coli, inayotumika Ulaya kwa miaka mingi.

Chanjo hizi haziponyi UTI iliyokwisha kuanza, na si kila anayezitumia hukingika. Kabla ya kuzifikiria, mkojo unapaswa kuoteshwa maabara ili bakteria ajulikane, kwani asiyekuwemo kwenye chanjo huenda asizuiwe nayo. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, krimu ya estrojeni ya ukeni nayo hupunguza maambukizi. Mgonjwa mwenye homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili hizo huashiria kuwa figo zimeshambuliwa.