Ufunguo wa Windows Uliokwisha Kulipiwa

Bonasi ya chai ikikaribia kulipwa, kwa kawaida mnamo Oktoba, familia zinazopeleka majani mabichi katika viwanda vya Kapkatet na Litein, Kericho, huwa zimeshaipangia kazi: karo, mbolea, mabati, na palipo na kijana anayeingia chuoni, laptopu. Chuo Kikuu cha Kabianga kina kampasi papo hapo Kapkatet, na siku hizi mkopo wa masomo wa HELB na nafasi za vyuo za KUCCPS huombwa mtandaoni, na hata shughuli za kodi za KRA hufanywa huko. Mashine mpya ni ghali. Ndiyo maana wengi hununua zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji wa Luthuli Avenue jijini Nairobi huziita "ex-UK".

Laptopu hiyo ikianza kukokota, au ikivamiwa na virusi, hupelekwa kwa fundi afute kila kitu na kuweka Windows upya. Hurudi ikiwa nyepesi. Kisha maneno ya kijivu hujitokeza chini kulia mwa skrini, yakidai kwamba Windows haijaamilishwa, na mwenyewe akijaribu kubadilisha picha ya skrini kupitia mipangilio hukataliwa. Hapo huambiwa achague: alipie ufunguo, au awekewe krak, yaani programu ya kuihadaa Windows ijione ina leseni. Mara nyingi hahitaji lolote kati ya hayo mawili. Leseni ililipiwa siku laptopu ilipotoka kiwandani, na bado imo ndani yake. Inauma kuona mzazi aliyechuma chai mwaka mzima akilipia mara ya pili kitu ambacho tayari ni chake.

Ufunguo wenyewe ni mfuatano wa herufi na tarakimu 25, uliogawanywa katika mafungu matano. Microsoft ilianza kuuhakiki kwa mtandao au kwa simu ilipotoa Windows XP mwaka 2001. Enzi za Windows 7 ulichapishwa kwenye kibandiko kilichogandishwa chini ya laptopu au mahali pa betri, ambapo joto na msuguano wa mapaja viliufuta polepole. Anayejaribu kusoma kibandiko kilichochakaa na ajue kwamba funguo hizo hazina vokali, wala tarakimu 0, 1 na 5. Kinachofanana na sifuri basi ni D au Q. Bali B na 8, G na 6, zote zimo, na hizo ndizo huwapotosha watu.

Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, mambo yalibadilika. Watengenezaji waliacha kubandika ufunguo nje, wakaanza kuuandika katika chipu iliyo kwenye madabodi, ile sahani kuu inayobeba vifaa vyote. Kufuta diski hakuugusi. Hata diski ikitolewa na kutupwa, ufunguo unabaki. Windows 10 ya mwaka 2015 iliongeza leseni ya kidijitali: seva za Microsoft huweka kumbukumbu ya vifaa vya mashine iliyowahi kuamilishwa kihalali, zikaitambua inaporudi. Ndiyo sababu programu ya kuweka Windows, inapodai ufunguo, huwa pia na mstari wa kusema kwamba huna. Kuubonyeza mstari huo si wizi. Ndiyo njia iliyowekwa kwa mwenye mashine ambayo tayari ina leseni.

Kama ni hivyo, mbona Windows hukataa?

Sababu kubwa ni toleo. Kuna Windows Home, Home Single Language, Pro na Enterprise, na leseni ya toleo moja haifungui lingine. Mafundi wengi hutembea na flashi moja ambayo humwekea kila mteja Pro. Laptopu iliyozaliwa na Home Single Language, kama zilivyo nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika, ikiwekewa Pro, ufunguo ulio kwenye chipu hauna cha kufungua. Fundi huona Windows imegoma, naye mwenye mashine huamini kwamba ufunguo umeharibika. Haujaharibika. Kinachotakiwa ni kuweka upya toleo ambalo laptopu ilikuja nalo, kuiunganisha na intaneti, basi. Kinyume chake ni rahisi zaidi: mwenye leseni ya Pro aliyewekewa Home anaweza kuandika ufunguo wake katika mipangilio na toleo likabadilika bila kufuta chochote.

Ex-UK zina kisa chao. Nyingi zilikuwa za makampuni, na makampuni hutumia Enterprise, ambayo ni leseni ya taasisi na haisafiri pamoja na kompyuta inapouzwa. Fundi akiweka tena Enterprise, hitilafu 0xC004F074 yaweza kujitokeza: mashine inaitafuta seva ya mwajiri wake wa zamani, na seva hiyo haiko Kericho. Lakini leseni hizo za taasisi, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, huwekwa juu ya leseni nyingine iliyokuja na kompyuta. Laptopu za kiofisi za miaka ya karibuni kwa kawaida hutoka kiwandani na Pro. Ukiirudisha Pro, mara nyingi mashine hujiamilisha yenyewe, bila senti kutoka.

Njia hiyohiyo ya taasisi ndiyo krak hujaribu kuiiga. Kompyuta ya taasisi huthibitishwa na seva ya ndani kwa siku 180, kisha muda huo huongezwa kila inapowasiliana na seva. Krak huweka seva ya uongo ndani ya laptopu yenyewe. Ili ifanye kazi, mtumiaji huombwa azime kinga ya virusi, na hapo ndipo hatari ilipo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya krak maarufu, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na taarifa zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mwanafunzi anayefungua akaunti yake ya HELB kwenye mashine ya namna hiyo hajui nani mwingine anamsoma. Tena, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi.

Anayesubiri suluhisho hana haja ya kuwa na haraka. Windows 10 au 11 isiyoamilishwa huendelea kuandika, kuchapisha na kuingia mtandaoni. Kazi ya chuo inaweza kukamilishwa na kuwasilishwa wakati toleo sahihi linatafutwa.

Kuna jambo dogo ambalo hukwamisha wengi vijijini: baada ya kuwekwa upya, laptopu huenda isitambue Wi-Fi mpaka ipate draiva, programu inayoendesha kifaa hicho, na bila intaneti leseni haiwezi kuthibitishwa. Simu iliyochomekwa kwa waya wa USB na kuwekwa kushiriki intaneti hutosha. Uthibitisho hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni masasisho yanayofuata, kwa hiyo muunganisho huo uwekewe alama ya data yenye kipimo mapema.

Mahali ambapo leseni hupotea kweli ni madabodi ikibadilishwa. Leseni imefungwa nayo, kama logbook ya gari ilivyo na namba ya injini, na Windows hutoa hitilafu 0xC004F211 ikiona vifaa vimegeuka. Tangu Agosti 2016 Windows 10 imeruhusu leseni ya kidijitali kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, ili mwenyewe aeleze kwamba amebadilisha vifaa. Hata hivyo, leseni iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani imekusudiwa mashine ileile, kwa hiyo njia hii haimfai kila mtu. Mteja anastahili kuelezwa hili kabla ya kukubali bodi mpya, maana bei ya leseni nyingine inaweza kuifanya kazi nzima isiwe na faida.

Haya yote yamezidi uzito tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokoma kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Leseni ya Windows 10 hufungua Windows 11 ya toleo lilelile bila malipo, ila mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, karibu zote, hazimo katika orodha inayokubaliwa, na ex-UK nyingi ni za kizazi cha sita na cha saba. Kwa hizo, badala ya Windows, mfumo wa Ubuntu au Linux Mint huwekwa bila ufunguo wowote, na huendesha kivinjari na programu za ofisi za LibreOffice vizuri.

Mnunuzi aliye dukani anaweza kujua hali ya leseni kabla ya kutoa pesa. Aunganishe laptopu na intaneti ya simu yake, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike slmgr /xpr. Kidirisha kikisema uamilishaji ni wa kudumu, ni ishara nzuri. Kikitoa tarehe ya mwisho iliyo ndani ya siku 180, laptopu inategemea seva ya taasisi au krak, na muuzaji ana la kueleza.