Koltani na milipuko ya angani: kweli au uongo?

Madini ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Congo, yamezungukwa na maneno mengi, hasa yanapotajwa pamoja na vyombo vya anga. Hapa tunapima machache yanayohusu darubini zinazowinda milipuko ya miale ya gamma. Milipuko hiyo hutokea mbali sana, nyota kubwa inapokufa au nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Hudumu kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika kadhaa, na hakuna ajuaye mapema itatokea upande gani wa anga.

«Miale hiyo inaweza kutuunguza.» Uongo. Hewa iliyo juu yetu huizuia, na ndiyo sababu darubini hupelekwa angani.

«Koltani ndiyo inayohisi miale.» Uongo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Tantalamu, chuma kinachotolewa katika koltani kama ile ya Rubaya, Masisi, ni kizito kuliko risasi, na kazi yake ni kuzuia. Setilaiti ya SVOM ya China na Ufaransa, iliyorushwa tarehe 22 Juni 2024, imebeba chombo kiitwacho ECLAIRs. Juu ya chombo hicho kuna bamba la tantalamu lenye unene wa milimita 0.6, lililotobolewa matundu kwa mpangilio maalumu. Chini yake vimepangwa vihisio 6,400 vya kadimi na teluri. Mwale ukipata tundu, hufika kwenye kihisio. Ukigonga tantalamu, huishia hapo. Lenzi isingesaidia, kwa kuwa kioo hakiwezi kukunja miale ya gamma. Ukikaa chini ya paa la bati lililotoboka, madoa ya mwanga sakafuni hukuonyesha jua liko wapi. Kompyuta ya setilaiti nayo husoma kivuli cha bamba, ikakokotoa mlipuko umetoka wapi.

«Kasiterite ya Walikale haina nafasi katika kazi hii.» Uongo. Darubini ya Swift ya Marekani, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, ina ngao ya tabaka nne: risasi, tantalamu, bati na shaba. Risasi ikimeza mwale wa gamma, yenyewe hutoa mwale dhaifu zaidi. Tantalamu huumeza huo na kutoa ulio dhaifu kuliko wa kwanza, kisha bati, kisha shaba, hadi kibaki kidogo sana cha kuvisumbua vihisio. Bati hilo hutokana na kasiterite, madini yaliyoifanya Bisie, huko Walikale, ijulikane duniani.

«Basi Swift imejengwa kwa mawe ya Bisie na Rubaya.» Hilo lisisemwe. Madini ya nchi nyingi huchanganywa viwandani yanapoyeyushwa, na baada ya hapo chuma hakina kijiji. Kilicho hakika ni aina ya chuma na kazi yake.

«Koltani yenyewe hutoa mionzi.» Kweli, na hili ndilo ninalotaka lifike machimboni kuliko yote. Tantalamu iliyosafishwa haina shida. Lakini mawe ya koltani hubeba urani na thori kidogo, na hizo hutoa mionzi, gamma ikiwemo. Kulishika jiwe mara moja si jambo la kuogopesha. Hatari iko kwenye vumbi: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wachimbaji wa koltani mashariki mwa Congo ulionyesha kuwa kusaga na kuchekecha ndiko kunakowapa mionzi mingi, kwa sababu vumbi huvutwa hadi mapafuni. Tena vumbi la mawe huharibu mapafu hata pasipo mionzi.

Vihisio vya Swift vilipewa ngao ya tabaka nne. Anayesaga koltani Masisi anastahili kinga pia, na wanaonunua mzigo wake wana wajibu wa kuilipia. Nawe unayefanya kazi hiyo, lowesha mawe kabla ya kuyaponda, funika pua na mdomo, na usichekeche ndani ya nyumba wanamolala watoto.