Aliyetii na Aliyesaidia

Katika Zaire ya Mobutu, yaani Kongo ya leo, mtu alizaliwa akiwa tayari mwanachama wa MPR, chama cha rais. Hakuomba kadi, wala hakuulizwa. Katika mji wa Bukavu, kama kwingineko nchini, watu walitoka kwenda salongo, kazi ya lazima ya pamoja, wanafunzi wakaimba sifa za rais, na mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Je, nani aliubeba utawala ule hadi 1997? Wengi hujibu kwamba ni sisi sote. Jibu hilo nalikataa. Tukiwa na hatia sote sawasawa, aliyepeleka jina la jirani yake kwa watu wa usalama atajificha nyuma ya mama muuza samaki wa sambaza wa mtaa wa Kadutu aliyepigia wakubwa makofi.

Hannah Arendt, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika mwaka 1964 kwamba mtoto ndiye anayetii. Mtu mzima akidai alitii tu, kwa kweli aliunga mkono. Hoja hiyo inauma, na inastahili kuuma. Lakini tuipeleke dirishani kwa karani wa Zaire ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa juma, au haufiki kabisa. Mjane anataka karatasi ya kiwanja. Karani anadai matabishi, yaani hongo ndogo. Dola lilimwachia ajilishe kwa wananchi, naye akamla aliye dhaifu kuliko yeye. Alionewa, kisha akaonea. Njaa yake inapunguza lawama ya zile fedha kidogo alizodai. Haifuti lawama ya kiwanja alichokiandikisha kwa jina la mkubwa huku mjane akiambiwa arudi kesho. Hapo alikuwa na nafasi ya kukataa, hata kwa kuchelewesha tu, na hakuitumia.

Nafasi ya namna hiyo Bukavu iliitumia chini ya utawala mwingine, ule wa waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda kuanzia 1998. Katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alilaumu mataifa ya kigeni yaliyoendesha vita kwa mali ya Kongo, na hakuwaacha Wakongo walioshirikiana nayo. Mwanzoni mwa 2000 mashirika ya raia yakaitisha ville morte: watu wakabaki nyumbani, biashara zikafungwa. Februari hiyo RCD ikamhamishia Kataliko Butembo kwa nguvu, ikamzuia kurudi hadi Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba.

Kukaa nyumbani ni tendo kubwa, kwa sababu utawala unahitaji soko lenye watu, ofisi yenye karani na kodi inayolipwa. Ila gharama yake haikuwa moja. Mwenye duka kubwa alipoteza faida. Mama wa Kadutu alipoteza bugali wa jioni ile ile. Kama kuna aliyetandika samaki wake siku hiyo ili watoto wale, simweki kapu moja na yeyote aliyepita akiandika majina ya waliofunga.